UZI: Uzamivu kuhusu roboti za nje zinazojiongoza kwa kamera – swali la utafiti, vifaa, vipimo, na mahali kazi inapoharibika

#1 DiraMbele

Wakuu, uzi huu ni wa wanaoanza au walio katikati ya uzamivu kuhusu roboti za nje zinazotegemea kamera kujua zilipo na pa kupita: za shambani, za msituni, za njia za miguu, za maeneo ya ujenzi. Swali linalorudi kila mara ni "nianze na algoriti gani?" Kwangu hilo linakuja la tatu au la nne. La kwanza ni hili: roboti yako itashindwa katika hali gani, na utaonyesha kwa kipimo gani kwamba sasa inashindwa kidogo kuliko ilivyokuwa?

Tasnifu ya Hans Moravec ya Stanford, 1980, ilihusu kigari kilichojiongoza kwa kamera. Kilisogea kama mita 1, kikasimama dakika 10 hadi 15 kupiga hesabu, kikasogea tena. Nje kulimsumbua kwa sababu vivuli vilihama wakati hesabu zikiendelea, na kigari kikavihesabu kama vitu. Leo hesabu ile ile inakwisha kwa milisekunde, lakini kivuli kilichohama kati ya saa 3 asubuhi na saa 9 alasiri bado kinaharibu ramani. Tatizo la nje ni mwanga, mimea na ardhi vinavyobadilika. Kasi ya kompyuta peke yake haikulimaliza.

Kwa hiyo swali kama "kuboresha SLAM ya nje" (SLAM ni roboti kuchora ramani na kujua ilipo kwa wakati mmoja) halifai, maana huwezi kusema limejibiwa lini. Swali linalofaa lina hali, kipimo na mpaka ndani yake. Mfano: ramani ya nukta bainifu (kona na alama zinazotambulika kwenye picha) iliyochukuliwa asubuhi kwa kamera pacha, yaani mbili zilizofungwa sambamba, inatumika hadi saa ngapi ya siku, na zinahitajika safari ngapi za nyongeza ili itumike hadi machweo? Swali hilo lina grafu yake tayari: mhimili mmoja ni tofauti ya saa, mwingine ni asilimia ya njia ambayo roboti ilijua ilipo. Hata jibu likiwa baya bado ni jibu, na mtahini atalisoma.

Karibuni. Naomba tuweke namba na sababu, tuache maneno ya jumla.

#2 MpimaNjia

Asante mkuu. Nianze na kamera, maana hapo ndipo makosa yasiyotibika huingia mapema.

Chukua kamera yenye shata ya pamoja, yaani inayosoma pikseli zote kwa wakati mmoja. Shata inayosoma mstari kwa mstari hupinda picha roboti inapotikiswa na changarawe, na upindaji huo huingia kwenye makadirio ya mwendo ukionekana kama mzunguko wa kweli. Zipo algoriti zinazousahihisha, lakini utatumia miezi kurekebisha kitu ambacho kamera sahihi ingekiondoa. Lenzi iwe ya fokasi isiyobadilika. Ukishaiweka, funga nyuzi zake kwa gundi ya skrubu. Kipengele cha fokasi ya kujirekebisha kizimwe kabisa, kwa sababu kila inaposogea kalibresheni yako, yaani vipimo vya kamera ulivyokadiria, inakufa.

Umbali kati ya kamera pacha uamuliwe kwa hesabu. Kina ni Z = f·B/d (f ni urefu wa fokasi kwa pikseli, B ni umbali kati ya kamera, d ni tofauti ya mahali kitu kinapoonekana kwenye picha mbili zikilinganishwa), na kosa lake linakua kwa mraba wa umbali: kosa ≈ Z²/(f·B) × kosa la ulinganishaji. Tuseme picha ina upana wa pikseli 1280 na f ni pikseli 700, ambayo ni uga wa kama digrii 85. Kosa la ulinganishaji likiwa robo ya pikseli, kamera zilizoachana sentimita 12 zitakupa kosa la kama sentimita 7 kwenye mita 5, sentimita 30 kwenye mita 10, na mita 1.2 kwenye mita 20. Ukizitenganisha sentimita 30, kwenye mita 10 kosa linashuka hadi sentimita 12 na kwenye mita 20 hadi karibu nusu mita.

Lakini kuna gharama ambayo wengi hawaihesabu. Ukitafuta tofauti hiyo d hadi pikseli 128, jozi ya sentimita 12 inaanza kuona kwenye sentimita 66, na ile ya sentimita 30 haioni chochote kilicho karibu kuliko mita 1.6. Roboti ndogo inayopita kati ya mistari ya mazao inahitaji kuona karibu. Ama utumie jozi mbili, ama upunguze ukubwa wa picha unapotafuta vitu vya karibu.

Jambo jingine ni waya za uzio na vyuma vya mlalo. Mstari unaolala sambamba na mstari unaounganisha kamera zako hauna kina kinachopimika, kwa sababu kila nukta yake inafanana na jirani yake. Kama mazingira yako yana uzio wa namna hiyo, ongeza jozi ya wima, au usidai kwenye tasnifu kwamba mfumo wako unaona vizuizi vyote.

#3 Fremu20

Naongezea ya #2 kuhusu muda wa shata. Ukungu wa mwendo kwenye picha ni takribani f × kasi ya kuzunguka × muda wa shata. Kwa f ya pikseli 700, roboti ikigeuka radiani 1 kwa sekunde na shata ikikaa wazi milisekunde 5, kila nukta inaburuzika pikseli 3.5. Hapo nukta bainifu hazishikiki tena kwa usahihi. Ukishusha hadi milisekunde 2, unabaki na pikseli 1.4. Mchana kuna mwanga wa kutosha kufanya hivyo. Chini ya miti mizito jioni hakuna, na itabidi uchague kati ya ukungu na kelele za sensa. Chagua kelele. Picha yenye chembechembe bado ina kona zake, ila picha iliyoburuzika imezipoteza.

Pia, kanuni ya kawaida ya kamera kujirekebishia mwanga hutazama wastani wa picha nzima. Anga ikichukua theluthi ya juu, ardhi inakuwa nyeusi, na ardhi ndiyo unayoihitaji. Weka eneo la kupimia mwanga kwenye nusu ya chini, na weka kikomo cha juu cha muda wa shata. Kamera zote mbili za jozi zitumie muda mmoja wa shata na ukuzaji mmoja wa ishara. Zikiachwa kila moja iamue peke yake, ulinganishaji wa kushoto na kulia unaharibika hasa pale roboti inapotoka kivulini, ambapo ndipo unauhitaji zaidi.

#4 Mwanagenzi_R

Shikamooni wakuu. Swali langu: kamera moja pamoja na IMU (sensa ya mchapuko na mzunguko) haitoshi? Makala nyingi za droni zinaonyesha inatosha, na ni nyepesi na rahisi kufunga.

#5 MpimaNjia

Marahaba. Kwa droni inatosha mara nyingi, kwa roboti ya magurudumu ni mtego, na sababu iko kwenye hesabu. Kamera moja haijui ukubwa halisi wa dunia. Hujui kama umesogea mita 1 mbele ya kitu kidogo au mita 10 mbele ya kikubwa. IMU ndiyo inayoleta mita, kupitia mchapuko. Droni huchapuka huku na huko muda wote. Roboti ya ardhini inakwenda kwa kasi ile ile, au inapinda kwa tao lisilobadilika, na mchapuko usiobadilika hautofautishiki na kosa la kudumu la kipima mchapuko chenyewe. Ukubwa halisi unakuwa hauonekani kwenye milinganyo. Ikienda mstari ulionyooka bila kuzunguka kabisa, hata mwinamo wake unapotea.

Dawa ni enkoda za magurudumu, zinazohesabu mizunguko yake. Hata enkoda za kawaida zinarudisha ukubwa halisi kwenye mfumo. Sharti ni uzichukulie kama kipimo chenye makosa: kwenye matope au mchanga gurudumu linazunguka na roboti haiendi. Roboti za Spirit na Opportunity zilizotua Mars mwaka 2004 zilitumia odometria ya picha (kukadiria mwendo kutoka mfuatano wa picha) kwa sababu hiyo hiyo, miteremko ya mchanga ilifanya magurudumu yadanganye. Kwenye roboti inayogeuka kwa kuburuza magurudumu, usichukue mzunguko kutoka kwenye enkoda hata kidogo. Chukua kasi ya mbele tu, mzunguko utoke kwenye jairo, kipima mzunguko cha IMU. Kisha linganisha kasi ya enkoda na ya kamera kila hatua. Tofauti ikizidi kovariansi uliyoweka (kiasi cha kosa unachotarajia), punguza uzito wa enkoda kwa muda huo.

Kamera pacha, IMU na enkoda kwa pamoja ndio msingi ninaoupendekeza. Kama mchango wako ni kamera moja, sawa, lakini hapo mchango wako ndio huo, nao lazima ujibu tatizo la ukubwa halisi waziwazi.

#6 KalibaMakini

Nizungumzie kalibresheni na saa. Makosa yake hayalii. Yanajificha kama "algoriti haifanyi vizuri".

Ubao wa alama usiwe karatasi iliyobandikwa kwenye katoni. Uwe wa alumini au kioo kinene, bapa. Ukishauchapisha, pima mraba kwa kalipa, kwa sababu printa hubadilisha vipimo kwa asilimia moja au mbili, na asilimia hiyo inaingia moja kwa moja kwenye urefu wa njia yako. Programu ya Kalibr, iliyotoka ETH Zurich, inatumia ubao wa alama za AprilTag, na faida yake ni kwamba ubao ukionekana nusu bado unasomeka, hivyo unaweza kufikisha alama hadi kwenye kona za picha. Kona zisizoguswa ndizo zitakazokuwa na makosa makubwa.

Fanya kalibresheni ya kamera kwa mwendo wa pole na mwanga mwingi. Ile ya kamera na IMU ni kinyume: ubao umesimama, unatikisa kifaa kwenye mihimili yote sita, kwa nguvu ya kuamsha sensa ila si mpaka picha ziburuzike. Rudia mara mbili na ulinganishe. Namba zikitofautiana kuliko makosa ambayo programu yenyewe inakadiria, usiendelee. Kuna kitu kimelegea.

Kelele za IMU zipimwe kwa kuiacha imetulia saa 2 au 3 na kuchora mkunjo wa Allan, grafu inayoonyesha kelele kwa vipindi tofauti vya muda. Kisha usizitumie zilivyo. Zimepimwa mezani, na roboti inatikisika. Zizidishe mara 5 hadi 10 uone kama kichujio, yaani programu inayounganisha IMU na picha, kinatulia. Mtu anayeweka namba za mezani huishia na kichujio kinachoiamini IMU kupita kiasi na kukataa picha nzuri.

Sasa saa. Roboti inayogeuka radiani 1 kwa sekunde, muhuri wa saa wa picha ukikosea milisekunde 10, mwelekeo unakosea zaidi ya nusu digrii. Kosa lisilobadilika linaweza kukadiriwa. Linalorukaruka halikadiriki, na USB ikibeba data nyingi huleta hilo la pili. Suluhisho ni waya: kidhibiti kidogo kinachotuma mpigo mmoja kwa kamera zote na kuandika saa ya mpigo kwa saa ile ile ya IMU. Kamera za mtandao zitumie PTP, itifaki ya kulinganisha saa kupitia mtandao. Halafu kuna jambo dogo linalokosekana kwenye mifumo mingi: picha haikupigwa kwenye mpigo, imepigwa katikati ya muda wa shata. Muda wa shata ukibadilika kutoka milisekunde 1 hadi 8 unapoingia kivulini, katikati hiyo inahama milisekunde 3.5. Ongeza nusu ya muda wa shata kwenye kila muhuri.

#7 DiraMbele

Hilo la katikati ya shata nadra kuliona kwenye makala, ila lipo kwenye kila mfumo wa nje. Asante dada Kaliba.

Nani ataeleza njia rejea, ile njia halisi tunayopimia makosa? Nimeona tasnifu zenye tarakimu tatu baada ya nukta wakati kipimo rejea chenyewe kina makosa makubwa kuliko hizo.

#8 Rula_na_Dira

GNSS ya RTK (kupima mahali kwa setilaiti pamoja na masahihisho ya papo hapo) ndiyo ya kawaida nje: kituo kimoja kimesimama mahali panapojulikana, kingine kiko kwenye roboti, na masahihisho yanatumwa kwa redio au mtandao. Ikishika vizuri unapata sentimita 1 hadi 2 kwa mlalo, na kama maradufu ya hiyo kwa wima. Neno la kuangalia ni hali ya suluhisho. Suluhisho lililoshika na lile linaloelea si kitu kimoja. La pili linaweza kukosea desimita kadhaa huku njia ikionekana laini na nzuri. Tupa sehemu zote zisizoshika, na useme kwenye tasnifu ni asilimia ngapi umetupa.

Antena haipo mahali kamera ilipo. Antena iliyo mita 0.8 juu ya kamera, roboti ikiinama digrii 5, inasogea sentimita 7 pembeni bila roboti yenyewe kusogea. Pima mkono huo, yaani umbali wa antena hadi kamera, kwa rula na uuingize kwenye hesabu ukitumia mwinamo halisi wa kila wakati. Usiondoe tofauti isiyobadilika na kudhani umemaliza.

Chini ya miti RTK inakufa. Hapo tumia kifaa cha wapima ardhi kinachofuata prizma iliyofungwa kwenye roboti, mradi kinaiona. Msitu ukiwa mnene hata kwa hilo, weka vigingi vilivyopimwa kando ya njia na uripoti makosa kwenye vigingi tu. Vigingi 20 vilivyopimwa vizuri vina thamani kuliko mstari mrefu usioaminika.

Kuhusu vipimo: kosa la njia nzima linahitaji kulinganisha njia mbili kwanza, na njia ya kulinganisha inabadilisha jibu. Ukiruhusu ulinganishaji urekebishe pia ukubwa, umefuta kosa la ukubwa halisi, ambalo kwa roboti ya magurudumu ndilo kosa kuu. Kamera pacha au mfumo wenye enkoda ulinganishwe kwa mzunguko na usogezaji pekee. Kipimo cha KITTI, seti ya data iliyochukuliwa Karlsruhe na kutolewa mwaka 2012, kinatumia vipande vya mita 100 hadi 800 kwa sababu ile ni gari. Kwa roboti inayotembea mita 300 kwa jumla, tumia vipande vya mita 5, 10, 20 na 50, na uripoti kila urefu peke yake.

#9 Nuktabainifu

Wakuu, mmegusa vifaa vizuri. Kiini cha utafiti ni kubadilika kwa mandhari, tukae hapo kidogo.

Tofautisha kazi mbili. Odometria inalinganisha picha ya sasa na ya milisekunde 50 zilizopita. Mwanga haujabadilika, hivyo nukta bainifu za kawaida zinatosha. Kinachoiua ni nyasi zinazopeperushwa na upepo, kivuli cha roboti yenyewe kinachosafiri nayo, vumbi kwenye lenzi, na jua likiwa usoni. Kivuli cha roboti ni kibaya kwa namna yake: hakisogei kwenye picha, kwa hiyo kinauambia mfumo kwamba roboti imesimama. Jua likiwa nyuma, kinajaza nusu ya chini ya picha. Kizibe kwa barakoa inayokokotolewa kutoka mahali jua lilipo na umbo la roboti, maana saa na mwelekeo unavijua.

Nyasi ndefu nazo: kila jani linafanana na jingine, na yote yanainama upande mmoja. Uchujaji wa kura, ule wa kuchagua mwendo unaokubaliwa na nukta nyingi, unaweza kuchagua mwendo wa upepo kama nyasi zimejaa picha. Hapo jairo ndiyo mwamuzi: kataa nukta zisizokubaliana na mzunguko wa jairo kabla ya kupiga kura.

Kazi ya pili, kutambua mahali ulipofika siku nyingine, ni ngumu zaidi. Nukta zile zile zinazokwenda vizuri kwenye odometria zinapotea saa 4 baadaye. Algoriti ya FAB-MAP ya 2008 ilitumia mifuko ya maneno ya picha, yaani orodha ya aina za vipande vinavyoonekana kwenye picha. SeqSLAM ya 2012 ikaonyesha kwamba kulinganisha mfuatano wa picha badala ya picha moja kunavuka usiku na mchana, ila inadai kamera ipite karibu njia ile ile kwa mtazamo ule ule. NetVLAD ya 2016 ikahamia kwenye mitandao ya neva. SuperPoint (2018) ikifuatana na SuperGlue au LightGlue ndiyo inayotumika sana kwa ulinganishaji wa nukta wenyewe. Usianze tasnifu kwa kubuni nyingine ya aina hiyo. Anza kwa kupima hizi zinaanguka wapi kwenye mandhari yako.

Njia ya fundisha-na-rudia, iliyofanywa kwa kamera pacha na Furgale na Barfoot, 2010, naipenda kwa uzamivu. Roboti inaongozwa mara moja kwa mkono, kisha inarudia yenyewe. Haihitaji ramani moja iliyonyooka ya eneo zima. Inahitaji tu kujua iko wapi ukilinganisha na kipande cha karibu cha njia iliyofundishwa. Unaweza kuongeza safari za hali tofauti za mwanga kama tabaka juu ya njia ile ile. Hapo ndipo swali la #1 la "safari ngapi" linapata jibu linalopimika.

#10 Tarakilishi9

Naheshimu yote hayo, lakini ndugu Nuktabainifu, mbona mnazungumza kana kwamba jiometri inatosha? Kamera pacha ikiona nyasi za urefu wa goti inachora ukuta. Roboti inasimama mbele ya kitu inachoweza kupita bila shida. Upande wa pili, dimbwi linaonekana bapa kabisa. Jiometri inajua umbo. Haijui kama panapitika. Mradi wa LAGR wa DARPA, shirika la utafiti la jeshi la Marekani, 2004 hadi 2008, uliitishwa kwa sababu hiyo.

Kufunza upitikaji hakuhitaji kuweka alama kwa mkono kwenye picha zote. Roboti ijifunzie: rekodi mtikisiko wa IMU, mkondo wa umeme wa mota na utelezi wa magurudumu, kisha rudisha alama za magurudumu kwenye picha zilizopigwa sekunde 5 hadi 10 kabla, wakati mahali hapo palikuwa bado mbele. Kila pikseli iliyokanyagwa inapata gharama iliyopimwa. Odometria ya muda mfupi inatosha kwa urudishaji huo, huhitaji RTK.

#11 Nuktabainifu

Sijasema inatosha, ndugu yangu, na hoja yako ya nyasi ni sahihi. Ila njia hiyo ina shimo ambalo lazima tasnifu ilikabili. Roboti inakanyaga pale tu dereva alipoona panapitika. Data yako yote ni ya "panapitika" kwa viwango tofauti. Mtandao haujawahi kuona mfano wa mtaro. Ukiuuliza kuhusu mtaro utajibu kwa kubahatisha, tena kwa kujiamini. Unahitaji ama kipimo cha ugeni, yaani mtandao useme "sijawahi kuona hiki" na gharama ipande, ama mifano mibaya iliyowekwa alama kwa mkono. Seti za data za RUGD ya 2019 na RELLIS-3D zina picha za nje ya barabara zilizogawanywa pikseli kwa pikseli, zinafaa kuanzia, ila udongo na mimea yake si yako.

Na alama zinateleza pembeni. Odometria ikikosea sentimita 10 ndani ya mita 8, ukingo wa njia unahama na mtandao unajifunza kwamba ukingo wa mtaro ni njia. Finya alama za magurudumu kwa upana kidogo kabla ya kuzirudisha kwenye picha.

#12 Tarakilishi9

Nimekubali kwenye ugeni. Na kosa kubwa kuliko yote kwenye ufunzaji naliweka hapa: kugawa picha za kufunza na za kujaribia kwa bahati nasibu. Kwa fremu 20 kwa sekunde, picha mbili zinazofuatana ni karibu picha moja. Mojawapo ikiingia kwenye kufunza na jirani yake kwenye kujaribia, unapima kumbukumbu ya mtandao. Gawa kwa siku na kwa mahali: eneo zima lisionekane katika kufunza, na siku nzima pia. Ripoti matokeo manne: mahali pazoefu siku ile ile, mahali pazoefu siku nyingine, mahali papya siku ile ile, mahali papya siku nyingine. Namba ya nne itakuwa ndogo. Ndiyo inayohusika.

#13 Mwanagenzi_R

Kuhusu kurekodi: niweke picha zilizobanwa ili kuokoa nafasi, au ghafi?

#14 Fremu20

Piga hesabu kwanza. Kamera mbili za rangi ya kijivu, pikseli 1280 kwa 800, baiti moja kwa pikseli, fremu 20 kwa sekunde, ni kama megabaiti 41 kwa sekunde, karibu gigabaiti 147 kwa saa. SSD ya terabaiti 1 inabeba chini ya saa 7. Hilo linawezekana, kwa hiyo rekodi ghafi au kwa mbano usiopoteza. Mbano wa JPEG hutengeneza mipaka ya miraba ya pikseli 8 kwa 8, nayo inazaa kona za uongo kwenye anga na udongo laini. Andika pia muda wa shata na ukuzaji wa kila fremu. Bila hivyo hutaweza baadaye kusema roboti ilipotea kwa sababu ya mwanga au kwa sababu nyingine.

Angalia joto. Kompyuta ndogo iliyofungwa kwenye boksi lisilopitisha maji chini ya jua hupunguza kasi yake yenyewe, na fremu zinaanza kudondoka baada ya dakika 30 au 40, si mwanzoni. Rekodi joto la prosesa na idadi ya fremu zilizodondoka kwenye kila safari. Boksi liwe na bamba la alumini linalogusa prosesa na kutoa joto nje.

#15 Rula_na_Dira

Na usalama, kwa ufupi. Kitufe cha dharura kikate umeme wa mota kwa relei, kisipitie kwenye programu. Kimoja kwenye roboti, kimoja cha redio mkononi. Redio ikipoteza mawasiliano, roboti isimame.

Kasi ya juu itokane na umbali unaouona. Roboti ya mita 1.5 kwa sekunde, yenye mchapuko wa kufunga breki wa mita 1 kwa sekunde mraba, inahitaji mita 1.13 kusimama. Ongeza ucheleweshaji wa milisekunde 200 kutoka picha hadi amri, hiyo ni mita 0.3 nyingine. Na akiba ya nusu mita. Unakaribia mita 2. Kizuizi kidogo kabisa unachodai kukiona lazima kionekane kwa uhakika kwenye mita hizo 2 kwenye mwanga mbaya. Kama hakionekani, punguza kasi.

#16 DiraMbele

Niongeze la takwimu, maana watahini wanalibana. Mifumo mingi ya odometria na SLAM haitoi jibu moja kwa data ile ile: uchujaji wa kura ni wa nasibu, na nyuzi za programu zinapishana kulingana na mzigo wa kompyuta. Endesha kila mfuatano mara 10, ripoti thamani ya kati na upana wa matokeo, na uhesabu ziliposhindikana. Safari iliyoshindikana isiondolewe kwenye jedwali. Ukiiondoa, mfumo unaoanguka mapema unaonekana bora kuliko ule uliovumilia hadi sehemu ngumu.

Mfumo unaojilinganisha nao, tuseme ORB-SLAM3, upe saa zile zile za kurekebisha vigezo ulizoupa wa kwako, na uuendeshe kwenye kompyuta ile ile ya roboti. Kuushinda kwa vigezo vyake vya awali vilivyowekwa kwa seti nyingine si ushindi.

Kisha utenganishe majaribio ya kurudia rekodi na yale ya roboti kujiendesha kweli. Kwenye rekodi, kosa la sentimita 20 ni namba kwenye grafu. Roboti ikijiendesha, kosa hilo linaigeuza, kamera inaona mandhari nyingine, na kosa linalofuata linatokana na hilo la kwanza. Sura ya mwisho lazima iwe na kujiendesha, na kipimo chake kiwe kilomita kati ya mara mtu alipolazimika kuingilia, pamoja na sababu ya kila uingiliaji.

#17 Mwanagenzi_R

Nashukuru sana wakuu. La mwisho: mpangilio wa muda. Nina miaka mitatu na nusu, na eneo lina majira mawili yanayotofautiana kabisa.

#18 KalibaMakini

Majira ndiyo yanayopanga ratiba yako, mdogo wangu, kwa sababu ukikosa msimu unasubiri mwaka. Miezi 6 ya kwanza: jukwaa la vifaa, saa na kalibresheni, pamoja na kuendesha mifumo miwili au mitatu iliyopo kwenye seti za wazi. KITTI kwa odometria. Oxford RobotCar, ambayo ilipita njia moja zaidi ya mara 100 kati ya 2014 na 2015, kwa mabadiliko ya hali. Kabla ya mwezi wa 8 roboti iwe inarekodi njia yako mwenyewe, kwa sababu majira ya kwanza ni ya kujifunza na majira yanayorudi mwaka wa pili ndiyo ya matokeo. Chagua njia ya mita 300 hadi 500, ya kitanzi, yenye sehemu wazi na sehemu ya miti. Irudie kwa saa tofauti za siku. Usibadilishe kamera wala mahali zilipofungwa baada ya hapo, hata ukipata nzuri zaidi.

Asubuhi ya kila siku ya kurekodi, piga sekunde 60 za ubao wa alama kabla ya kuanza. Ukiona kosa la kurudisha alama kwenye picha limepanda kutoka robo ya pikseli hadi pikseli nzima, kaza mabano na ufanye kalibresheni upya siku hiyo hiyo. Faili la kalibresheni likae kwenye folda moja na data ya siku yake, likiwa na tarehe kwenye jina. Ukiandika juu ya lile la zamani, data yote ya kabla yake haitaweza kuchakatwa tena.